Mashujaa wa Upanga katika Sinema

Kiswahili ni tajiri wa majina ya silaha za chuma. Upo upanga wa felegi, upo upanga wa imani, kuna kitara, jambia na sime. Lakini lugha hii haina jina moja la zile filamu ambazo mtu huingia kwa dirisha akiwa na upanga mkononi, akapigana juu ya ngazi, akacheka mbele ya kifo, kisha akatoka na binti wa gavana. Watazamaji hawakungoja wanachuoni wawapatie istilahi. Katika majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walilitwaa neno la Kiingereza lililokuwa likiandikwa katika matangazo mbele ya jina la mchezaji mkuu, wakalifanya kuwa jina la mtu: stelingi. Anayepingana naye wakamwita adui tu, kana kwamba duniani hapana adui mwingine. Kisha wakatunga kanuni yenye maneno mawili: stelingi hafi. Kanuni hiyo imekuwa ikitajwa kwa mzaha, lakini ndiyo nadharia fupi kuliko zote zilizopata kutolewa juu ya filamu za namna hii, na inastahili kupimwa kwa uzito kama zinavyopimwa nadharia za vitabuni.

Historia yenyewe yaweza kuelezwa kwa haraka. Douglas Fairbanks, Mmarekani, alicheza Zorro mwaka 1920 katika filamu isiyo na sauti, akafuatiliza Robin Hood mwaka 1922, Mwizi wa Baghdad mwaka 1924 na Haramia Mweusi mwaka 1926. Shujaa wa Fairbanks alikuwa mrukaji kuliko alivyokuwa mpiganaji: alishuka juu ya tanga la merikebu kwa kulichana kwa kisu, na kitendo hicho kimeigwa mara nyingi tangu siku ile. Sauti ilipoingia katika sinema, aina hii ilinyamaza miaka michache, ikarudi kwa nguvu mwaka 1935 kwa filamu ya Captain Blood, ambayo ilimtoa kijana asiyejulikana, Errol Flynn, akawa mashuhuri. Filamu bora zilizofuata zilitoka kati ya mwaka huo na 1952. Zilizokuja baadaye aghalabu zimekuwa zikizikumbuka hizo za kwanza, na nyingine zikizicheka kwa mapenzi.

Katika hizo zote, ile ya Robin Hood iliyotolewa na kampuni ya Warner Bros. mwaka 1938 ndiyo inayofaa kutangulizwa. Si kwamba haina makosa. Inayo mengi, na mwanahistoria wa karne ya 12 hawezi kuitazama bila ya kuugua. Lakini hakuna nyingine iliyozikusanya sifa za jamii yake kwa ukamilifu kama hii. Iligharimu dola zipatazo milioni 2, kiasi ambacho kampuni hiyo haikuwa imepata kukitumia kwa filamu moja. Hapo awali ilikusudiwa ichezwe na James Cagney, ambaye sifa yake ilikuwa kucheza majambazi wa mijini. Akagombana na kampuni akaondoka. Mwongozaji wa kwanza, William Keighley, aliondolewa kazi ikiwa njiani, akaingia Michael Curtiz. Kwa desturi kitu kilichopita katika mikono mingi hivyo hutoka kina viraka. Hiki kilitoka kama kilichofumwa na mkono mmoja.

Jambo moja hupita bila ya kutazamwa. Msitu huu wa Sherwood, unaodhaniwa kuwa moyo wa Uingereza, ulikuwa bustani ya mji wa Chico katika California, na waliouingia walitoka pande zote za dunia. Curtiz alizaliwa Budapest. Fred Cavens, aliyefundisha mapigano ya panga, alikuwa Mbelgiji. Flynn alizaliwa Tasmania mwaka 1909, Olivia de Havilland aliyecheza Marian alizaliwa Tokyo mwaka 1916, na Basil Rathbone, adui wa filamu hii, alizaliwa Johannesburg mwaka 1892. Claude Rains, aliyecheza mwana wa mfalme John, alikuwa mtu wa London, na yafaa kukumbukwa kwamba yeye ndiye aliyepewa kazi ya kudhulumu. Ni Uingereza iliyotungwa na wageni. Pengine ndiyo sababu haikumtenga mtazamaji wa nchi yoyote: waliokuwa wakiijenga hawakuidai kuwa mali yao.

Mmoja wa wageni hao ahitaji kutajwa peke yake. Erich Wolfgang Korngold alikuwa mtunzi wa muziki aliyesifiwa Vienna tangu utotoni, naye alikuwa Myahudi. Aliitwa Hollywood mapema mwaka 1938 aiwekee filamu hii muziki, akaitazama, akakataa. Alisema yeye si mtu wa kutunga muziki wa vishindo. Habari za nyumbani ndizo zilizombadilisha. Mwezi Machi mwaka huo majeshi ya Hitler yaliingia Austria, na nyumba ya Korngold ikachukuliwa. Baadaye alikuwa akisema kwamba Robin Hood ndiye aliyemwokoa maisha. Sasa, mtu asikilize muziki wenyewe. Una furaha tele. Tarumbeta zake hushangilia hata pale ambapo watu wanauawa. Msikilizaji asiyejua habari za mtunzi hudhani kuwa ni furaha ya mtu ambaye dunia haijapata kumkera. Kumbe ilitungwa na mtu ambaye nchi yake ilikuwa ikimfungia mlango wiki kwa wiki. Si haki basi kuiita furaha ya filamu hizi ujinga, kama walivyozoea kuiita wahakiki wanaopenda huzuni. Furaha inayojua kinachokanushwa nayo si furaha ya mtoto.

Mapigano yenyewe yamedharauliwa kwa hoja kwamba si ya kweli. Hoja hiyo ni sahihi, wala haina uzito. Katika upanga wa kweli wa Ulaya mkono husogea kidogo sana. Mpigaji stadi hupitisha ncha yake mahali ambapo jicho la mtazamaji halioni kitu. Cavens alifahamu kwamba kitu kisichoonekana hakiwezi kutisha. Akayapanua mapigo, akayapa nafasi baina yao, akahakikisha kwamba kila pigo lina jibu lake na kwamba mtazamaji aliyekaa nyuma kabisa aweza kulifuata. Pwani ya Afrika ya Mashariki haiwezi kuona ajabu katika jambo hilo. Kirumbizi cha Lamu huchezwa na watu wawili wenye fimbo ndani ya duara la watu, kwa ngoma na zumari. Razha, iliyotoka Omani, huchezwa kwa panga zilizo wazi. Hakuna mtazamaji anayelalamika kwamba mchezaji wa kirumbizi hakumpasua mwenzake kichwa. Hutazama kama pigo lilifika kwa wakati wake, kama lilikingwa kwa uzuri, na kama uso wa mchezaji ulibaki mtulivu. Hapo ndipo penye hukumu. Anayeitazama filamu ya mwaka 1938 kwa macho hayo ataiona vizuri kuliko anayeitazama kwa macho ya askari.

Pambano la mwisho baina ya Robin na Sir Guy wa Gisbourne limepangwa kwa akili hiyo. Linaanza katika ukumbi uliojaa watu, likateremka ngazi, likaangusha kinara kikubwa cha mishumaa, kisha wapiganaji wakatoweka nyuma ya nguzo, na kwa muda mtazamaji haoni ila vivuli vyao viwili vikubwa vikipigana ukutani. Curtiz alikuwa amewahi kufanya kazi katika sinema ya Ulaya ya kati ambako kivuli kilikuwa nusu ya lugha. Kwa muda ule mfupi wapiganaji hawana nyuso, hawana majina, hapana mwema wala mwovu. Kuna upanga tu unaoujibu upanga. Kisha wanarudi, na hadithi inaendelea kama kawaida. Hapana mahali pengine katika filamu hii ambapo inakiri kwamba haki ya shujaa na ustadi wa mkono wake ni vitu viwili mbalimbali.

Na ustadi, kwa hakika, ulikuwa upande wa adui. Rathbone alijifunza upanga kwa bidii kwa miaka mingi, akampita Flynn kwa mbali, naye mwenyewe hakuficha kwamba angaliweza kumshinda wakati wowote alioutaka. Walakini kazi yake ilikuwa kushindwa. Alishindwa na Flynn ufukoni katika Captain Blood, akashindwa naye tena katika Robin Hood, na mwaka 1940 akashindwa na Tyrone Power katika The Mark of Zorro ya Rouben Mamoulian. Pambano hilo la mwisho hufanyika katika chumba kidogo cha ofisi, na wengine hulihesabu kuwa bora kupita yote, kwa kuwa kuta zimewabana wapiganaji na hapana pa kurukia. Hukumu hiyo yaweza kukubaliwa. Kinachostahili kuongezwa ni kwamba ubora wake watoka kwa anayeshindwa. Mtu aliye dhaifu hawezi kucheza kushindwa, hushindwa tu. Rathbone aliweza kukosea kwa kiasi alichotaka, kuchelewa kwa kiasi alichotaka, na kwa kufanya hivyo akampa mwenzake ushindi ulioonekana kuwa wa kweli. Filamu zenye adui mpumbavu zimesahauliwa. Hizi zimebaki kwa sababu adui alikuwa fundi.

Silaha ya pili ya shujaa ni ulimi. Robin anauingia ukumbi wa Nottingham peke yake, amebeba swala wa mfalme mabegani, mnyama ambaye mtu akimuua bila ya ruhusa hunyongwa, akamtupa juu ya meza mbele ya mwana wa mfalme, kisha akakaa kula. Kwa dakika kadhaa hapana upanga unaochomolewa. Kuna kujibizana tu. Kila tusi linapewa jibu lililo fupi kulishinda, na mwenye mamlaka anaanza kushindwa kwa maneno kabla hajashindwa kwa chuma. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili aijua sheria hii. Katika malumbano ya washairi mwenye kukasirika kwanza ndiye aliyepoteza, na ushindi hupimwa kwa utulivu wa anayejibu. Flynn hakuwa mchezaji mwenye kina, na mara alipotakiwa kuonyesha majonzi alionekana kama mtu aliyevaa kanzu ya mwingine. Lakini alikuwa na kipaji kimoja ambacho wengi waliomwigiza hawakukipata: alisema maneno ya kumtia kitanzini kama mtu anayeagiza kahawa.

Yapo malalamiko yaliyo mazito kuliko hilo la uongo wa panga, nayo yahusu siasa. Imesemwa kwamba filamu hizi ni za uasi, na imesemwa pia kwamba ni za utii. Mwaka 1953, katika jimbo la Indiana huko Marekani, mjumbe mmoja wa tume ya vitabu vya shule alitaka Robin Hood aondolewe masomoni, kwa kuwa kuwanyang'anya matajiri na kuwapa maskini ni ukomunisti. Alichekwa sana. Lakini hofu yake haikuwa bila ya shina. Kuanzia mwaka 1955 televisheni ya Uingereza ilionyesha mfululizo wa Robin Hood ambao sehemu zake nyingi ziliandikwa kwa majina ya bandia na Wamarekani waliokuwa wamefukuzwa kazini Hollywood kwa sababu ya siasa zao. Mmoja wao alikuwa Ring Lardner mwana. Watu waliotengwa na sheria walipewa kazi ya kuandika habari za mtu aliyetengwa na sheria, na hapana shaka walifahamu walichokuwa wakiandika.

Kwa upande wa pili, mtu aitazame namna hadithi inavyokwisha. Robin hapigani na ufalme. Apigana na aliyeuiba ufalme, na mara mfalme wa haki anapovua joho lake msituni, waasi wote wanapiga magoti. Mfalme huyo ni Richard, ambaye kwa kweli wa historia alitawala miaka 10, tangu 1189 hata 1199, na hakukaa Uingereza hata mwaka mmoja mzima. Peter Blood naye ni mwasi aliyeonewa na mfalme James. James akiisha kupinduliwa mwaka 1688, haramia anakubali kutumikia mfalme mpya, na mwisho anakalia kiti cha gavana yule yule aliyekuwa akimtesa. Uasi umeruhusiwa kwa masharti: uwe na mwisho, na mwishoni kiti kiwe na mtu. Hata hivyo filamu ya mwaka 1938 haikuwa rahisi kama inavyodhaniwa. Kabla mfalme hajajidhihirisha, Robin anamwambia yule mgeni aliyefunika kichwa kwamba kosa la yote ni la Richard mwenyewe, aliyeiacha nchi yake akaenda kupigana ugenini. Maneno hayo yanasemwa mbele ya mfalme, naye hawezi kuyajibu. Mwaka 1938 ilikuwa si jambo dogo kumwekea mfalme lawama kinywani mwa mtu wake mwaminifu kuliko wote.

Sharti jingine halikuandikwa popote, na mtazamaji wa Afrika ana haki ya kulisoma kwa sauti. Captain Blood ni hadithi ya utumwa. Daktari anakamatwa mwaka 1685 kwa kumfunga jeraha mwasi mmoja, anahukumiwa kifo, kisha mfalme anamsamehe kwa kuwa makoloni yahitaji mikono ya kazi. Anapelekwa Jamaica, anapigwa mnada, na binti mmoja anamnunua kwa pauni 10. Watumwa wenzake wanalima chini ya mijeledi. Mmoja anachomwa chapa shavuni kwa sababu alitoroka. Curtiz ameyapiga mambo hayo kwa ukali usiozoeleka katika filamu za burudani, na hasira ya filamu dhidi ya kuuzwa kwa binadamu ni hasira ya kweli. Lakini watumwa hao ni Waingereza. Jamaica ya mwaka 1685 ilikuwa imekwisha kuwa nchi ya miwa iliyolimwa na Waafrika, na katika kisa chote hapana Mwafrika hata mmoja mwenye jina, wala mwenye neno la kubadili jambo. Wapo nyuma ya picha. Mtazamaji wa Unguja, ambaye mahali palipokuwa soko la watumwa la mji wake sasa pana kanisa kuu la Kianglikana, anafundishwa kuuchukia utumwa kwa njia ya watu wasiokuwa wake, hali watu wake wamesimama pale pale, nyuma ya bega la shujaa.

Na The Sea Hawk ya mwaka 1940 inafanya hivyo hivyo, kwa uzuri mkubwa zaidi na kwa kosa kubwa zaidi. Inaanza kwa merikebu ya Hispania inayosukumwa na Waingereza waliofungwa kwenye makasia, na nahodha Thorpe anawakomboa. Inakwisha kwa malkia Elizabeth kuzungumza juu ya uhuru, na watazamaji wa London waliokuwa wakipigwa mabomu mwaka ule walijua ni nani aliyekusudiwa kwa mfalme yule wa Hispania mwenye kupimia dunia yote katika ramani ya ukutani. Kama silaha ya vita ilikuwa kali na ya haki. Lakini miongoni mwa mabaharia wa kweli wa malkia huyo alikuwamo John Hawkins, ambaye tangu mwaka 1562 aliwachukua Waafrika kutoka pwani ya magharibi akawauza ng'ambo ya bahari, na kwa safari ya mwaka 1564 malkia mwenyewe alimpa merikebu. Filamu ingaliweza kunyamaza juu ya minyororo. Ilichagua kuisema, na kwa kuwa ilichagua kuisema, ukimya wake juu ya minyororo mingine hauwezi kuitwa usahaulifu.

Ajabu ni kwamba kitabu kilichoipa filamu hiyo jina kilikuwa na upana zaidi. Rafael Sabatini, aliyezaliwa Italia kwa baba Mwitaliano na mama Mwingereza, alikitoa mwaka 1915. Shujaa wake ni bwana wa Cornwall aliyesalitiwa na ndugu yake mwenyewe, akauzwa kuwa mtumwa wa makasia, akafika Algiers, akasilimu, akawa haramia mkuu wa Kiislamu, jina lake Sakr-el-Bahr. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa nusu ya jina hilo. Filamu ya mwaka 1924 isiyo na sauti iliifuata hadithi hiyo. Ile ya mwaka 1940 ililichukua jina la kitabu, ikatupa kisa chote, ikamtupa na Mwislamu wake. Mara moja tu shujaa wa aina hii alipata kuvuka akaenda kusimama upande wa adui, akaona kwamba kule nako kuna heshima na sheria. Na filamu mashuhuri kuliko zote zenye jina hilo haikumtaka. Ni hasara ambayo muziki wa Korngold, aliyeuandika huo nao, haukuweza kuilipa.

Baada ya lawama hizo ingalikuwa rahisi kuzifunga filamu hizi sandukuni. Hazikufungika. Mwaka 1995 ile ya Robin Hood iliwekwa miongoni mwa filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani. Ufundi wake nao ulirithishwa mkono kwa mkono: Bob Anderson, Mwingereza aliyeshiriki mashindano ya Olimpiki ya mwaka 1952 huko Helsinki, alifanya kazi ya panga na Flynn mwaka uliofuata, akaja kupigana ndani ya vazi jeusi la Darth Vader katika filamu za Star Wars, na mwaka 1998 akafundisha panga za The Mask of Zorro. Alifariki mwaka 2012. Kijana aliyepiga kelele kwa panga za mwanga hakujua kwamba alikuwa akimtazama mtu aliyekwisha pambana na Flynn.

Inabaki kanuni ile ya maneno mawili. Wenye kuidharau husema kwamba hadithi ambayo shujaa wake hafi haiwezi kufundisha kitu, kwa kuwa hatari yake ni ya uongo. Lakini shujaa huyu anakufa, na watazamaji wengi wanajua. Robin wa nyimbo za kale za Waingereza alikwenda kwa mkuu wa watawa wa kike aliyekuwa jamaa yake, atolewe damu kwa ajili ya maradhi, na mwanamke yule akaacha damu imwishe. Filamu ya mwaka 1938 haikubadili kifo hicho. Ilisimama kabla hakijafika. Mfalme anampa Marian, umati unashangilia, na Robin na mkewe wanapenya katikati ya watu mpaka mlangoni, anaupazia ukumbi neno moja la furaha, na milango mikubwa inafungwa nyuma yao. Hakuna aliyetakiwa kuamini kwamba nje ya milango ile mauti hayapo.

Washairi wa pwani walichagua njia nyingine. Fumo Liyongo ni ndugu wa Robin kwa mambo mengi: mpiga mishale asiye na kifani, mtu anayewindwa na mtawala, mwenye kuishi msituni, mwenye kutoroka gerezani kwa hila. Tupa aliyokatia pingu zake ilifichwa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi hawakuutamani, na mlio wake ulifunikwa na ngoma aliyoomba ipigwe. Hapana mwandishi wa Hollywood aliyepata kubuni kutoroka bora kuliko huko. Lakini utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa haukufunga milango. Uliendelea mpaka kwa mwanawe mwenyewe na sindano ya shaba kitovuni. Naye kama Robin aliuawa na damu yake. Tofauti ni kwamba mtungaji wa Lamu aliona utukufu wa shujaa haujatimia mpaka afe, na watu wa Hollywood waliona utukufu huo hauna budi kulindwa na kifo kama mshumaa unavyolindwa na upepo.

Mwaka 1976 Richard Lester alijaribu kuifungua milango ile. Katika Robin and Marian, Sean Connery ni Robin mwenye mvi na magoti yanayouma, na pambano lake la mwisho ni la wazee wawili wanaohema, ambao panga zao zimekuwa nzito mno kuinuliwa. Marian, aliyekwisha kuwa mtawa, anamnywesha sumu na kuinywa yeye pia, asije akaishi akiwa kilema. Robin anaomba upinde, analenga dirishani, aombe kuzikwa mahali mshale utakapoanguka. Ni filamu njema na ya kweli, na wanaoipenda ni wale walioipenda kwanza ile ya mwaka 1938. Mtu asiyeijua ile hawezi kujua ni nini kinachozeeka katika hii.

Mshale ule unapaa, na filamu haionyeshi unapoangukia. Liyongo alipokwisha kudungwa alichukua upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta mshale, akafa vile vile. Watu wa mji walimwona kwa mbali, na kwa siku kadhaa hapana aliyethubutu kwenda kuteka maji.